Sura ya Tano: Utabiri wa Kule Utakakokuwa

Mwezi Januari, Dar es Salaam jua huwaka tangu saa 1 asubuhi. Kaskazi inavuma, joto limetanda, na anayekwenda Mbezi kupanda basi la Mbeya hana sababu ya kufikiria mvua. Siku hiyohiyo, kilomita 500 mbele, Iringa iko katikati ya msimu wake: udongo umeshiba maji, mitaro inatiririka, na mawingu yanayoanza kupanda saa 6 mchana huenda yakamwaga kabla ya magharibi. Abiria huyo anaondoka kwenye kiangazi na kuingia kwenye mvua ndani ya siku moja, na hajavuka mpaka wowote zaidi ya ile ya mikoa.

Ukanda wa pwani una misimu miwili ya mvua, vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kwisha Aprili. Barabara ya kwenda Mbeya, yenye zaidi ya kilomita 800, inaanzia kwenye kalenda moja na kuishia kwenye nyingine. Mwishoni mwa Aprili mambo yanageuka: Kibaha na Chalinze ndizo zinazolowa kwa masika, wakati Igawa na Uyole, upande wa Mbeya, mvua zinaaga. Na Julai, ambayo kwa kalenda zote mbili ni kiangazi, kusi inasukuma hewa yenye unyevu kutoka baharini hadi kwenye miinuko ya Mufindi. Hewa hiyo ikipanda inapoa, na Mafinga inaamka ndani ya ukungu na manyunyu siku ambayo Mikumi ni vumbi tupu.

Ndiyo maana swali ambalo wengi wetu tunaiuliza simu usiku wa kuamkia safari, "Mbeya kesho kukoje?", linaweza kujibiwa kwa usahihi kabisa na bado lisimsaidie msafiri. Mbeya atafika usiku. Kabla ya hapo atakaa saa 14 barabarani, akipanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,900 pale Mafinga, akipita mbuga, korongo la mto, mlima wa Kitonga wenye kona kali na misitu ya misonobari. Anachohitaji kujua ni hali itakavyokuwa Kitonga saa atakayokuwa Kitonga, na Mafinga saa atakayokuwa Mafinga. Utabiri wa safari una mahali na saa kwa pamoja. Ukitoa kimoja, kilichobaki ni habari ya mji fulani.

Marubani walishalielewa hili zamani. Rubani wa ndege ya abiria haondoki kwa kusikia kwamba Mbeya kutakuwa na vipindi vya jua. Anapewa hali ya uwanja anaoondokea, hali ya njia kwa urefu atakaoruka, utabiri wa uwanja anaoshukia kwa saa atakayofika, na wa uwanja wa akiba endapo ule wa kwanza utafunikwa. Nahodha wa boti ya Unguja naye hupata taarifa ya upepo na mawimbi ya eneo analovuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ndiyo inayowaandalia wote wawili. Dereva wa basi lenye abiria hamsini na kitu anashika usukani kwa safari ndefu kuliko zote hizo, na mara nyingi alichonacho ni macho yake na simu ya mwenzake aliyetangulia. Naona hilo ni pengo kubwa, na nitalirudia kabla sura haijaisha.

Kwa sasa tuanze na karatasi. Usiku kabla ya safari, andika vituo vyako kwa mfuatano na mbele ya kila kituo weka saa. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, ambao ndio mwendo halisi ukihesabu foleni, mizani na chakula, anayeondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi atakuwa Chalinze karibu saa 2, Morogoro saa 3 na robo, Mikumi saa 5. Ruaha Mbuyuni atafika baada ya saa 6 mchana. Kitonga ataianza kati ya saa 7 na saa 8, Iringa ataipita kuelekea saa 9, Mafinga saa 10 na nusu, Makambako kwenye saa 12 jioni, na Mbeya saa 2 au 3 usiku. Sasa fungua utabiri wa saa kwa saa wa kila mahali hapo, na soma saa uliyoiandika tu. Zilizobaki si zako.

Ukifanya hivyo kwa safari ya Januari au Februari, karatasi itakuonyesha jambo ambalo utabiri wa mji mmoja usingekuonyesha. Bara, mvua nyingi za radi huja alasiri. Jua huipasha ardhi moto asubuhi nzima, hewa ya chini inapanda, na kufikia saa 8 au 9 mawingu yamekuwa marefu na meusi. Yanamwaga hadi jioni, kisha nguvu yake inaisha. Pwani mpangilio ni tofauti, mvua nyingi hunyesha usiku na alfajiri. Anayeondoka Dar saa 12 asubuhi, saa ambayo kila mtu anaiona ni nzuri, anapanga bila kujua kuikuta Kitonga, Ilula na Mafinga katika zile saa ambazo mbingu yake ni mbaya kuliko zote.

Na Kitonga si mahali pa kuikutia mvua kubwa. Upande mmoja ni mwamba uliochongwa, upande mwingine ni bonde. Malori yaliyobeba saruji na mafuta yanapanda kwa gia namba moja, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu; yanayoshuka yanakuja na harufu ya breki zilizochoka. Mvua ikinyesha, maji hayapati mtaro wa kutosha, yanatiririka juu ya lami yenyewe na kuteremka nayo kona kwa kona, yakibeba kokoto na wakati mwingine mawe yaliyoachia kutoka kwenye mwamba. Lori likiharibika katikati ya kona, utingo anakata matawi na kuyatandaza barabarani mita kadhaa nyuma na mbele, na siku ya jua ishara hiyo inatosha kabisa, kila dereva anaielewa. Katika mvua nene majani yale yanakuwa na rangi ya lami iliyolowa. Unayaona ukiwa umeshayakanyaga.

Dawa ni kuhamisha saa, na hapa nitasema wazi ninachokipendelea. Wapo wanaoondoka Dar saa 9 usiku ili wapite Kitonga asubuhi. Wanaikwepa radi na kuupokea usingizi, pamoja na malori yasiyo na taa za nyuma. Kwa mwenye gari lake na siku moja ya ziada, njia bora msimu wa mvua ni kulala Morogoro au Mikumi. Kutoka Morogoro saa 12 asubuhi unaikuta Kitonga saa 4, lami kavu, mawingu bado madogo. Mafinga unapita mchana, ukungu wa asubuhi umeshayeyuka. Radi ikikukuta, itakukuta baada ya Makambako, kwenye barabara iliyonyooka kiasi, ukiwa na mwanga wa kutosha wa kupaki na kusubiri ipite. Umesafiri umbali uleule. Tofauti ni kwamba umeisogeza safari mbele ya mawingu.

Ukungu wenyewe unastahili saa yake kwenye karatasi. Kati ya Mafinga na Makambako, hasa Juni hadi Agosti, unatanda tangu usiku na unaweza kukaa hadi saa 3 au 4 asubuhi. Programu nyingi za simu zinauonyesha vibaya: zinachora wingu moja la kijivu na kuandika nyuzi joto. Angalia badala yake unyevu wa hewa. Ukiona asilimia 95 na kuendelea alfajiri, upepo ni mdogo na anga lilikuwa wazi usiku, tegemea ukungu hata kama mchoro unaonyesha jua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Ukiwa unaona mita 40 tu mbele yako, una chini ya sekunde mbili za kuona tela lililosimama, kulitambua na kusimama, na hakuna breki duniani inayolifanya hilo. Hapo hesabu inadai upunguze hadi 30 au chini, uwashe taa za chini, kwa sababu taa kubwa zinagonga ukungu na kukurudia machoni. Tena usisimame juu ya lami kwa matumaini kwamba wa nyuma atakuona. Toka kabisa barabarani.

Baridi nayo wengi hawaitarajii. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, hivyo kutoka pwani hadi Mafinga umepoteza nyuzi 12 kwa urefu peke yake. Mtoto aliyevishwa kwa ajili ya joto la Mbezi anahitaji sweta kufikia Ilula.

Utabiri wenyewe unasomwaje? Watu wengi wanaulaumu kwa kosa ambalo haujalifanya. Ukiandika "mvua asilimia 40", unasema kwamba katika siku kumi zenye hali kama ya siku hiyo, nne zitanyesha mahali hapo na sita hazitanyesha. Hausemi itanyesha kwa saa ngapi wala kwa ukubwa gani. Isiponyesha, utabiri haujadanganya. Anayepuuza asilimia 40 kwa kuwa jana haikunyesha anacheza mchezo ambao atashindwa mara nne katika kila kumi, na mojawapo ya mara hizo itakuwa Kitonga.

Kuna udhaifu mwingine ambao ni wa kweli. Kompyuta zinazotabiri hali ya hewa ya dunia zinaigawa ardhi katika miraba. Kituo cha Ulaya cha ECMWF, kinachosifika kuliko vingi, kinatumia miraba yenye upana wa takriban kilomita 9. Kila kilichomo ndani ya mraba mmoja kinahesabiwa kama kitu kimoja. Sasa itazame Morogoro. Mji uko mita 500 na kidogo juu ya bahari, na nyuma yake milima ya Uluguru inapanda hadi kupita mita 2,600. Miteremko ya mashariki ya milima hiyo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mjini haifiki 1,000. Mlima na mji, jua na gharika, vinachanganywa katika tarakimu moja inayofika kwenye simu yako. Penye milima, basi, usiamini nukta moja. Fungua vituo viwili au vitatu vya jirani, ukiona vinatofautiana sana ujue hapo hata kompyuta haina uhakika, na upange kwa kufuata kile kibaya zaidi.

Kadiri siku zinavyokuwa mbali ndivyo utabiri unavyopungua nguvu, na kwa mvua za radi za ukanda wetu unapungua haraka. Siku tano kabla unakuambia tu kama wiki itakuwa ya mvua au kavu. Usiku wa kuamkia safari unakupa saa. Na ukiwa njiani kuna kitu bora zaidi: picha za satelaiti. Meteosat huipiga picha Afrika nzima kila baada ya dakika chache, na picha hizo zinapatikana bure kwenye simu. Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu na mibuyu, ndipo mahali pa kuzifungua, kwa kuwa ni kituo chenye nafasi ya kusimama kabla ya mlima. Ukiona doa jeupe lenye kingo kali limekaa juu ya Iringa na linazidi kupanuka, agiza chakula. Doa kama hilo mara nyingi huisha nguvu ndani ya saa mbili au tatu.

Lakini mvua inayoua barabarani si lazima ikunyeshee wewe. Hili ndilo ambalo hata wasafiri makini hulisahau, kwa kuwa wanaangalia utabiri wa lami tu. Maji yanayopita chini ya kalavati yametoka juu, wakati mwingine makumi ya kilomita kutoka pale, na yamechukua saa kadhaa kufika. Januari 2014 mafuriko ya Kilosa yaliharibu daraja la Mkundi pale Dumila, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Machi 2020 barabara hiyohiyo ilikatika tena pale Kiyegea, magari yakalazimika kuzunguka mbali. Mito ya upande huo inateremka kutoka milima ya Ukaguru. Anayeendesha chini ya jua kali la Dumila na hakuangalia Ukaguru kulikuwaje jana jioni, ameangalia nusu ya njia yake.

Kwa hiyo kwenye karatasi ongeza mstari mmoja zaidi: milima. Uluguru kwa ajili ya Ngerengere na Ruvu. Ukaguru kwa ajili ya barabara ya Dodoma na tambarare za Mkata. Udzungwa na nyanda za Iringa kwa ajili ya Lukosi, unaokutana na Ruaha Mkuu chini ya Kitonga. Hapo huhitaji saa ya kupita, unahitaji mvua ya siku mbili zilizopita.

Na ukiukuta mto uko juu ya daraja, karatasi imemaliza kazi yake. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kulisogeza gari dogo. Sentimita 60 zinaweza kulibeba hata pikapu. Nguvu ya maji haikui sawasawa na mwendo wake: mwendo ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne, na basi, kwa ubavu wake mrefu uliosimama wima, linaukabili msukumo huo kuliko magari mengi. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji yaliyofunika daraja la mto Enziu. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwemo watoto, mbele ya watu waliosimama ukingoni. Maji yale ya rangi ya chai hayaonyeshi kama chini yake bado kuna daraja au limeshakwenda. Aliyelipita kwa usalama dakika kumi kabla yako hakukuachia ushahidi wowote.

TMA hutoa maonyo kwa ngazi tatu zenye rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Mvua kubwa kwa lugha yao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Maonyo haya yanatazama siku tano mbele, na yanataja athari zinazotarajiwa. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaisogelea Mafia, Mamlaka ilikuwa imeshatangaza kwa siku kadhaa mikoa itakayoguswa. Kimbunga kikaja, mvua ikanyesha, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Magari yakakwama siku kadhaa pande zote mbili. Onyo lilikuwepo, lakini lilikuwa limeandikwa kwa majina ya mikoa: Pwani, Lindi, Mtwara. Msafiri wa kwenda Masasi ilibidi alitafsiri mwenyewe, kwamba Lindi maana yake ni Somanga, na Somanga haina njia fupi ya kuzunguka.

Hapo ndipo pengo la dereva lilipo. Mikoa ni mipaka ya utawala na barabara haiijui. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, saa ambazo dereva haoni wingu linalojikusanya, haoni rangi ya mto, na anaona maji juu ya lami yakiwa tayari kwenye taa zake. Mzigo wa kutabiri umezidi kumwelemea mtu ambaye pia anadaiwa kufika kwa wakati, na ambaye akisimama Ruaha Mbuyuni saa mbili kusubiri mvua ipite atalazimika kujieleza kwa abiria, kwa ofisi na kwa mwenye gari. Karatasi yenye saa na vituo inampa angalau hoja ya kusema.

Angestahili zaidi ya hapo. TMA ina rada zinazoona mvua ikinyesha, Mbeya ikiwa mojawapo ya vituo vyake. TANROADS, wakala wa barabara, inazijua kalavati zinazozidiwa kila mwaka. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inalo kila basi kwenye ratiba, na kifaa kinachoonyesha lilipo na mwendo wake. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha taarifa hizo na kuzipanga kwa mfuatano wa barabara badala ya mikoa: Ruvu, Mkata, Kitonga, Mafinga, Igawa, kila jina na saa zake mbaya za siku hiyo, kwenye ukurasa mmoja unaofika mikononi mwa madereva pale Mbezi kabla ya saa 11 alfajiri, wakati bado wanakagua matairi na abiria hawajaanza kupanda.